Tulivyochagua Motokari Kuukuu

Nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, huku Kadutu mjini Bukavu, chini ya mparachichi, ilikuwako motokari nzuri sana. Rangi yake ilikuwa ya fedha, viti vyake vya ngozi, na madirisha yake yalipanda na kushuka kwa kubonyeza kidole tu. Kuku watatu walikuwa wakitagia ndani yake. Motokari ile ilikuwa mali yetu sote, na ndiyo iliyotufundisha haya tunayotaka kuwasimulia.

Sisi ni watoto wa mlima mmoja, mbele ya Walungu, tunaokaa mjini kwa ajili ya kazi. Kati yetu wamo walimu, wachuuzi, mshona nguo mmoja, na dada mmoja muuguzi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa, twakutana na kutoa mchango kwa mambo ya kwetu: jeneza, bati la shule, dawa za mzee fulani.

Mwezi wa Aprili mwaka 2013, katika mvua kubwa, mama mmoja wa kwetu alishikwa na uchungu usiku. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wauguzi wa kituo cha afya walifanya waliyoyaweza, kisha wakasema: ‘Huyu ni wa kupasuliwa, apelekwe.’ Vijana wanane wakambeba kwa machela, ile inayoitwa kwetu kipoyi, wakipokezana wanne wanne katika utelezi. Walipofika kwenye barabara kuu kulikuwa kumekucha, na mama alikuwa amekwisha kufariki, naye mtoto pamoja naye. Mmoja wa wale wabebaji alikuwa mume wake. Baada ya matanga alikuja mjini, akaketi katika mkutano wetu tangu mwanzo hata mwisho, asiseme neno. Hapo ndipo tulipokata shauri la kununua motokari.

Mzee mmoja alipinga. Alisema watu maskini kununua motokari ni majivuno, afadhali ng'ombe na dawa. Tulimheshimu, lakini padri mmoja aliyekuwapo alitusimulia habari ya Padri Paul Schulte, Mjerumani, aliyekuwa rubani wa ndege kabla ya kupewa upadri. Rafiki yake, Padri Otto Fuhrmann, alifariki mwaka 1925 kule Ovamboland, katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Padri Schulte hakukaa kulia tu. Mwaka 1927 alianzisha chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisioni motokari, mashua na hata ndege. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: ‘Haya, nunueni. Lakini msinunue kama watoto.’

Nasi tukanunua kama watoto. Tulikuwa na fedha za miaka miwili, na haraka ya miaka kumi. Mwaka 2015 tulikwenda kwa muuzaji Jumamosi jioni, mvua ikinyunya, tukaiona ile ya fedha inang'aa kwa maji. Injini ilikuwa ikinguruma tayari tulipofika. Tulizunguka mara mbili, tukapiga mipira teke kama tulivyoona watu wakifanya, tukahesabu fedha. Kazi yote haikumaliza saa moja.

Miezi minne ilikwenda vizuri. Kisha taa ya njano ikawaka mbele ya dereva, ikakataa kuzimika. Fundi wa jirani alifungua boneti, akatazama, akafunga. Alisema motokari hii inaongozwa na kompyuta, naye hana chombo cha kuizungumza nayo. Kumbe mazutu tuliyoyanunua kwa madumu kando ya njia yalikuwa na maji ndani yake. Katika injini za namna ile mpya mazutu husukumwa kwa nguvu iliyo zaidi ya mara elfu ya nguvu ya hewa tunayovuta, yakapita katika matundu madogo mno. Tone la maji au chembe ya vumbi yatosha kuharibu pampu na nozeli zote. Bei ya vitu hivyo ilikaribia nusu ya bei ya motokari yenyewe. Basi tuliisukuma, tukaivuta kwa lori, mwisho tukaiweka chini ya mparachichi. Muuzaji hatumlaumu sana. Hakutudanganya neno, maana hatukumwuliza neno.

Miaka miwili tena tukachanga. Wengine walikuwa wamechoka, na mchango ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Mwaka 2017 tulipokuwa tayari, tulimtafuta fundi mzee aliyekuwa ametengeneza kwa miaka mingi motokari za misioni, na malori yaendayo Kamituga. Alitusikiliza mpaka mwisho, akacheka.

‘Ninyi ni Washi,’ alisema. ‘Pale Mugogo sokoni, nani kati yenu amewahi kununua ng'ombe bila kumfungua kinywa na kumtembeza? Mbona motokari mnainunua kwa kutazama ngozi?’

Akaweka masharti yake. Motokari itazamwe asubuhi, isitazamwe jioni. Muuzaji asijue saa ya kuja kwetu. Tena tusichukue fedha mfukoni siku ya kwanza, maana fedha ikiwa mfukoni macho hayaoni.

Kwanza tulishindana juu ya aina. Wazee kati yetu walitaka Land Rover, kwa kuwa ndiyo waliyoiona utotoni mwao ikiwaleta mapadri. Ni kweli, ni chombo cha sifa. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, mwili wake ni wa aluminiamu usioliwa na kutu kama bati, na umbo lile la zamani liliendelea kuundwa Uingereza mpaka Januari 2016. Fundi mwenyewe aliipenda. Lakini alituuliza swali moja: ‘Ikikatika chuma kule kwenu, kipuri chake mtakipata wapi kesho yake?’ Tukatembea pamoja naye katika maduka ya vipuri ya Kadutu. Kwa Land Rover tulipata vitu vichache, na kwa vingine tuliambiwa tungoje. Kwa Toyota Land Cruiser tulionyeshwa vipya, vikuukuu, vya kweli na vya bandia, mpaka tukachoka. Mashirika ya misaada huzitumia, wafanya biashara wa Kamituga huzitumia, na zikianguka bondeni huvunjwa na kuuzwa kipande kipande. Basi twamwambia msomaji anayetaka kununua: kabla ya kuitazama motokari, tazama majirani zake. Ile iliyo peke yake mjini, hata ikiwa nzuri namna gani, ni yatima.

Fundi alitaka injini iitwayo 1HZ, iliyoanza kutiwa katika Land Cruiser mwaka 1990. Ina silinda sita, na ukubwa wake ni lita 4.2. Haina turbo wala haina kompyuta, na pampu yake ya mazutu hufanya kazi kwa vyuma tu, kwa hiyo fundi mwenye spana na masikio aweza kuitengeneza penye mwanga wa taa. Ni nzito na ina kelele, wala haikimbii. Kwa miinuko yetu, ambako hata ziwa la Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, injini isiyo na turbo hupungukiwa na hewa, ikatoa moshi mweusi mlimani. Kijana mmoja wa chama chetu, anayesoma mambo ya mashine, alisema tunarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Hatukumjibu. Tulimpeleka kuwaangalia kuku.

Mjini tulizikuta mbili za kulingana na fedha zetu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama yai, usukani kulia. Saa ya kilomita ilisema 128,000. Ya pili, loo, mlango mmoja umebonyea, rangi imekufa kwa jua, na ubavuni alama ya shirika fulani imekwanguliwa kwa kisu. Saa yake ilisema 412,000. Sote tulikwenda kwa ile nyeupe kama nzi kwa asali.

Fundi alitandika gunia, akalala chini yake, na nyundo ndogo mkononi. Chini yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya. Alianza kugonga chasi, yaani ile mifupa inayochukua mwili wote, tangu mbele hata nyuma, taratibu, kama mganga anavyogonga kifua. Ti, ti, ti, chuma kililia vizuri. Alipofika nyuma, mahali springi inaposhikwa, sauti ikawa pu, pu. Akagonga tena, na ganda la kutu likaanguka usoni pake, kubwa kama kiganja. Alitueleza ya kuwa katika nchi za theluji watu humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma polepole kwa chini, huku juu motokari ikibaki safi. Huku kwetu nani amwage chumvi barabarani, hali ya mboga haitoshi?

Tena alituonyesha vikanyagio. Mpira wa klachi na wa breki ulikuwa umelika ukawa laini kama sabuni, na upande wa dereva kiti kilikuwa kimezama. ‘Kilomita 128,000 hazili mpira namna hii,’ alisema. Saa ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma; mguu wa mtu haurudishwi. Ile kuukuu ilikuwa na mpira uliolika vilevile, lakini haikuficha.

Juu ya usukani wa kulia, kwetu Kongo ambako twaenda kwa mkono wa kulia, madereva hawapatani. Wengine wasema ni mzuri milimani kwa sababu dereva aona ukingo wa bonde chini yake. Lakini akitaka kupita lori ni lazima atoe nusu ya motokari kwanza ndipo aone kinachokuja. Sisi tulifurahi kwamba ile kuukuu ilikuwa na usukani wa kushoto.

Kesho yake tulikwenda kwake saa kumi na mbili asubuhi, muuzaji bado anapiga mswaki. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ndivyo alivyotaka, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika inaficha magonjwa yake. Iliwaka mara ya pili. Ikatoa moshi mweupe kidogo, ambao ulikwisha ilipopata moto. Akatufundisha rangi hizo: mweupe usiokwisha huenda ni maji yanayoingia katika silinda, wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa, pengine chujio la hewa limejaa vumbi tu. Alifungua kifuniko cha oili akatazama kama kuna kitu cheupe kama maziwa ya mgando, dalili ya maji kuingia. Hakukuwa na kitu. Alitia kidole katika maji ya rejeta, akanusa; hakukuwa na oili. Akaacha tundu la oili wazi injini ikinguruma, akaona pumzi inayotoka. Ilikuwa ndogo. ‘Kifua chake ni kizima,’ alisema.

Magonjwa mengine hayakukosa, naye aliyataja kwa sauti mbele ya muuzaji. Magurudumu ya mbele katika motokari hii yana vifungo katikati, vya kugeuza kwa mkono ili magurudumu yote manne yavute. Kimoja kilikuwa kimekwama kwa kutotumiwa. Kwenye kifundo cha gurudumu la mbele grisi ilikuwa ikivuja. Aliinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa, lilicheza. Springi, zile za vyuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, zilikuwa na ukurasa mmoja uliopasuka. Muuzaji akalalamika: ‘Mzee, unaniharibia biashara.’ Fundi akajibu: ‘Mwanangu, nakuokoa usitukanwe na watu hawa kila Jumapili.’

Kisha tukaomba kuijaribu Ngomo. Wasomaji wa mbali hawaijui Ngomo. Ni ule mteremko mkali kati ya Nyangezi na Kamanyola, katika njia ya kwenda Uvira upande wa Kongo, na wengi huuogopa hata wakapita Rwanda. Tulilipa mazutu sisi. Fundi alishuka kwa gia ndogo, mguu mbali na breki, akisikiliza kama gia itaruka yenyewe. Haikuruka. Alipofika chini akageuza, akafunga vifungo kwa msaada wa nyundo, akapanda mahali penye udongo uliolegea. Macho yake hayakuwa njiani tu, yalikuwa kwenye sindano ya joto. Ilipanda kidogo, ikasimama. Juu kabisa alizima, akafungua boneti, akakaa kimya. Sisi tulisali kimya. Hakuna kilichochemka.

Mambo ya karatasi yalichukua siku tisa. Namba ya kweli ya Land Cruiser hii imegongwa katika chuma cha chasi, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Tulisugua udongo, tukasoma, tukalinganisha na karatasi ile ya rangi ya waridi, karti roze, na hati ya forodha. Inaanza na HZJ75: HZ ni injini, J ni Land Cruiser, 75 ni umbo refu lenye mabenchi nyuma. Kwa hiyo hata anayedanganywa juu ya injini aweza kuusoma ukweli hapo. Jina katika karatasi halikuwa la muuzaji, basi tulikataa kulipa mpaka ilipopatikana barua ya kuuza iliyotoka kwa mwenye jina. Alitununia. Tukangoja.

Alitaka dola 12,500, tukapatana 10,000, kwa ajili ya yale magonjwa. Tulikuwa na 13,000. Wengine walitaka zile 3,000 zinunulie redio na rangi. Fundi alikataa kabisa. Kulikuwa na mkanda wa ndani ya injini, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini imekufa. Nani alijua ulibadilishwa lini? Tukaweka mpya. Tukabadilisha oili zote, machujio yote, mihuri ya grisi, beringi, ule ukurasa wa springi, na mipira mitano. Zilibaki dola 140. Rangi ilibaki ile ile iliyokufa.

Tangu hapo motokari inakaa kule kwetu karibu na kituo cha afya. Hunywa kama lita 15 kwa kilomita 100, na zaidi katika matope. Jambo hili hutusumbua kila mwezi, wala hatujapata dawa yake. Mwaka 2020 springi ilikatika tena. Mazutu hupitishwa katika kitambaa kabla ya kutiwa, na kila Jumamosi maji hutolewa chini ya chujio. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipotwaliwa na M23, tulipiga simu kwa hofu. Tukaambiwa betri na magurudumu mawili yamekwisha kutolewa na kufichwa, na motokari imekaa juu ya mawe kama mzee aliyechoka. Baadaye ilivaa miguu yake tena.

Safari yake ya kwanza ya usiku ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2018. Alikuwa mama wa mimba ya kwanza, na mvua ilikuwa kubwa kama ile ya zamani. Waliteleza mara mbili, wakafunga magurudumu manne, wakapita. Walifika hospitali ya Panzi kabla ya alfajiri. Mtoto ni msichana, na amekwisha kuanza shule.

Dereva ni yule mume wa marehemu. Alijifunza kuendesha kwa ajili hiyo, akiwa na miaka 38, na fundi mzee ndiye aliyemfundisha kusikiliza. Juu ya bati la motokari amefunga kipoyi kwa kamba, wala hakifungui hata akiwa amechukua mihogo tu. Mwendo wa mwisho wa kupanda kwetu, kama dakika 40 kwa mguu, bado hauna barabara.